Moja kwa Jibu, Sifuri kwa Kimya

Simba wa baharini hangurumi. Mimi sikulijua hilo mpaka nilipofika miaka arobaini na moja, nikiwa na ndoo na mopu mkononi katika jengo la chuo kikuu huko Jette, mjini Brussels. Jike anapomwita mtoto wake hutoa sauti nzito, kama mbuzi mwenye mafua, na huivuta mwishoni. Mtoto hujibu kwa sauti nyembamba inayokatikakatika. Si sauti nzuri. Lakini nilizisikiliza kwa miezi kumi na minne, asubuhi tatu kila wiki, na mpaka leo kuna majike ambao ningewatambua kabla hawajamaliza kuita.

Nataka kueleza jinsi nilivyoipata kazi hiyo na jinsi nilivyoipoteza, maana niliipoteza kwa kosa langu mwenyewe. Kwanza itabidi niseme habari za binti yangu. Bila hizo, kosa lenyewe litaonekana kama upumbavu tu.

Binti yangu alikufa Bukavu akiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemwacha kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, nilipokimbia. Nilidhani tutaachana kwa mwaka mmoja, ikawa mitatu. Malaria ilimpanda kichwani, na baada ya siku nne mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa hapa Brussels, nafanya usafi, nikingojea mahojiano ya karatasi zangu za ukimbizi katika ofisi moja karibu na stesheni ya Gare du Nord. Tarehe ilikuwa imeshatolewa. Zilibaki wiki tano.

Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu kwa mtu aliye peke yake. Hupelekwa na watu. Wanatafutwa watu wazima wanaomfahamu, wanaingia nyumbani kwake, wanaketi, mmoja anakaa karibu naye ili amshike, ndipo wanasema. Na kama mtu ana jambo kubwa mbele yake, mtihani au upasuaji, anaachwa alimalize kwanza. Siilaumu desturi hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha jirani yangu kifo cha baba yake kwa siku kumi, nikipika naye na kucheka naye, mpaka alipojifungua salama.

Kwa hiyo familia ilikaa ikaamua kwamba nisijue.

Nilikuwa napiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya kwanza yaya alisema mtoto amelala. Ya pili alisema yuko kwa jirani, wanasuka nywele. Ya tatu nikakasirika. Nilimwambia yaya kwamba kama hanipi mtoto wangu siku hiyo hiyo, mimi siendi kwenye mahojiano yoyote, wanirudishe tu, na nitarudi nikiimba. Nilisikia mkono ukifunika simu. Ulikaa hapo muda mrefu. Kisha ikaja sauti ya msichana.

“Mama, niko muzuri.”

“Ulisha kula?”

“Nilisha kula. Bugali na sambaza.” Sambaza ni dagaa wa ziwa la kwetu.

Alikuwa mtoto wa yaya, aliyemzidi wangu kwa mwaka mmoja. Jumapili tatu nilizungumza naye. Nilimwuliza habari za shule akanijibu. Nilimwambia nimemnunulia viatu vyeupe vya kamba, akasema aksanti. Nilimwombea kwenye simu, naye akaitikia amina.

Mahojiano yalikuwa Jumanne. Jumatano alasiri watu watatu wa kikundi chetu cha sala walipanda ngazi hadi kwangu Berchem. Mbele alikuwa mzee mmoja, papa wa kikundi, aliyevaa suti siku ya kazi. Nyuma yake alikuwa maman, mama mmoja wa kutoka Lubumbashi ninayefanya naye usafi, amebeba sufuria iliyofungwa kwenye kitenge. Niliiona ile sufuria nikakaa chini sakafuni kabla hawajasema neno. Hakuna anayekuletea chakula cha watu ishirini kwa sababu mahojiano yako yamekwenda vizuri.

Walikaa kwangu siku tatu. Siku ya tatu nikauliza kwa simu ni nani aliyekuwa akizungumza nami. Yaya akaniambia. Akalia, akasema, “Ulinibana. Ungefanya je, weye, pa nafasi yangu?” Nilikata simu. Kwa miaka miwili baada ya hapo nilizungumza naye mambo ya lazima tu. Mtoto wake hakuja tena kwenye simu, nami sikumwomba aje.

Sasa, watu wanaonijua wanajua jambo moja juu yangu: nina sikio. Sikusoma sana. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, baba alipofariki. Lakini kanisani Bukavu nilikuwa nafundisha sauti ya pili, na mtu mmoja kati ya arobaini akikosea, nilimjua bila kugeuka. Kila mtu alisema hivyo, nami nilijivunia. Ndiyo maana baada ya matanga sikubaki na swali la kwa nini Mungu amemchukua. Hilo watu wengine waliniulizia. Mimi nilibaki na swali dogo zaidi, nalo sikumweleza mtu. Mama gani hamjui mtoto wake kwa sauti? Nililibeba nikipiga deki, nalo likawa ndilo jambo pekee nililotaka kulijua hapa duniani.

Katika jengo la Jette, ghorofa ya tatu ilikuwa yangu. Niliianza saa kumi na mbili asubuhi. Daktari mmoja wa elimu ya wanyama, mwanamke wa kama miaka hamsini, alikuwa anafika mapema kuliko wenzake na kuacha mlango wazi. Nilikuwa namwita Docteur. Alikuwa amepitisha misimu mitatu kwenye pwani ya mawe huko kusini kabisa mwa Amerika, akirekodi simba wa baharini. Asubuhi moja alikuwa anacheza sauti kwenye spika, ile ile, ile ile, nami nikiwa mlangoni nikasema kwa Kifaransa changu, “Huyo wa mwisho siye.” Sijui kwa nini nilisema. Si kawaida yangu kuzungumza na watu wa ofisini.

Akageuka. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia wa kwanza anaivuta sauti mwishoni kama mtu anayeweka mzigo chini, na huyu haivuti. Akacheza nyingine kumi. Nikakosea moja.

Baada ya mwezi, ofisi yake ilinipa mkataba mdogo wa asubuhi tatu, nikae nisikilize. Yule maman wa Lubumbashi alicheka mpaka akashikilia ukuta. “Yesu wangu. Weye sasa ni docteur wa mbuzi ya mayi,” alisema. “Siku wakikutuma huko kwenye baridi, uniachie ile aspirateur mupya ya kufyonza vumbi.” Tangu siku hiyo kila tuliponawa mikono pamoja aliniuliza habari za wagonjwa wangu.

Daktari alinieleza kazi taratibu, akichora kwenye karatasi. Jike anazaa juu ya mawe. Anakaa na mtoto kama wiki moja, na ndani ya siku hizo wanafundishana sauti. Kisha njaa inamlazimu kwenda baharini. Anakaa huko siku mbili, tatu, na mwaka ambao samaki wako mbali anakaa zaidi. Mtoto anabaki juu ya mawe pamoja na mamia ya watoto wengine wanaofanana naye kabisa. Jike akirudi anaita. Mtoto anajibu. Wanatafutana kwa sauti mpaka wakutane, halafu jike anamnusa, na hapo ndipo anamnyonyesha. Mtoto wa mwingine akijaribu, anaumwa, anatupwa pembeni. Wapo wanaokufa hivyo. Maziwa ni machache na bahari ni mbali. Hawezi kulisha asiye wake.

Alitaka kujua sauti inafanya kazi mpaka wapi. Kwenye upepo? Kwenye mawimbi makubwa? Mama akiwa amechoka na njaa? Walificha spika kati ya mawe, na jike aliporudi kutoka baharini walimchezea sauti za watoto, wake na wa wengine, bila mpangilio. Kazi yangu ilikuwa kuvaa visikilizio, kusikiliza kila sauti ya mtoto iliyochezwa, na kusema kama jike alijibu ndani ya dakika moja. Akijibu, naandika moja. Akinyamaza, sifuri. Sikuambiwa ipi ni ya mtoto wake na ipi si yake. Daktari alisema ni lazima iwe hivyo, ili moyo wa msikilizaji usiingie kwenye hesabu.

Alikuwa sahihi. Lakini hakulipima sikio langu vizuri. Baada ya miezi mitatu niliwajua watoto pia. Sauti zile zile zilirudi katika rekodi tofauti, na nilijua kwamba huyu mwenye kukoroma ni wa jike aliyepewa namba kumi na mbili na huyu anayeanza juu ni wa jike wa ishirini. Sikumwambia daktari. Niliona ni jambo langu.

Na majike hawakukosea. Nilikaa pale kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nikiwasikiliza wanyama wasiokosea. Mtoto wa mwingine analia, jike kimya. Mwingine, kimya. Wake analia, na kabla hajamaliza, jike anaitika. Upepo ukivuma mpaka mimi nashindwa kusikia vizuri, yeye anaitika. Sifuri, sifuri, sifuri, moja. Nilikuwa natoka pale nakwenda kusafisha vyoo, na vyoo vilinipumzisha.

Jike wa thelathini na moja alikuja mwezi wa kumi na moja wa kazi yangu. Habari zake nilizijua kabla ya kusikia rekodi yake, kwa sababu daktari alinisimulia tukinywa kahawa. Alikuwa jike mwembamba. Mwaka huo samaki walikuwa mbali, alikaa baharini siku saba. Aliporudi akaanza kuita, nao wakamchezea sauti kama kawaida, sauti sita za watoto wa wengine, wakiwa hawajafika kwenye ya mtoto wake. Kesho yake mwanafunzi mmoja aliyekuwa akihesabu watoto alimkuta mtoto wa jike huyo nyuma ya jiwe, ameshakufa siku kadhaa. Jana yake, wakati wote ule wa kucheza sauti, alikuwa amelala pale mita chache kutoka kwenye spika.

Nilifungua rekodi hiyo siku ya Ijumaa. Dakika arobaini. Jike anaita, anangoja, anaita. Sauti yake imechoka. Sauti ya kwanza ya mtoto wa mwingine ikachezwa. Nilimjua, alikuwa yule mwenye kukoroma. Nikangoja. Jike akanyamaza kabisa mpaka dakika ikaisha, kisha akaanza tena kumwita wake.

Kidole changu kilikuwa juu ya sifuri. Nikaandika moja.

Sikutetemeka. Hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka. Nilisikiliza ya pili, kimya, nikaandika moja. Ya tatu hivyo hivyo. Zote sita. Nikahifadhi faili, nikavua visikilizio, nikachukua mopu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu nililo nalo si zuri. Ningeweza kusema nilimhurumia jike, kwamba sikutaka aite bila kujibiwa. Si kweli. Kama ningemhurumia ningefurahi kwamba hakudanganywa. Ukweli ni kwamba nilitaka apatikane mmoja. Katika majike wote wa pwani ile nilitaka mmoja tu aliyefiwa akaitikia sauti ya mtoto wa mwingine, ili tuwe wawili.

Kulikuwa na mwanafunzi aliyesikiliza upya sehemu ndogo ya faili zangu kuhakikisha. Faili ya thelathini na moja haikuangukia kwenye sehemu hiyo. Wiki zikapita. Nikaanza kudhani jambo limezama.

Kisha Jumatano moja daktari alikuja na kompyuta yake mikononi, ikiwa wazi, kama mtu aliyebeba sahani ya moto. Akakaa kando yangu. Akasema ameona kitu ambacho hakukitegemea. Majike wote wananyamaza, isipokuwa mmoja, na mmoja huyo ndiye aliyefiwa. Mara sita kati ya sita. Alikuwa anazungumza haraka, Kifaransa chake kikanipita mara mbili. Alisema labda mama anayekaa bila kujibiwa hufungua mlango, hupokea sauti yoyote. Labda ndiyo njia ambayo baadhi ya yatima hupata kulelewa. Alitaka kuiandika makala nzima juu ya huyo mmoja, na kurudi huko msimu ujao kutafuta wengine kama yeye. Akaniwekea mkono begani. Akasema bila sikio langu asingeona.

Nikasema vizuri, Docteur.

Siku hiyo tulipokuwa tunabadilisha nguo, yule maman wa Lubumbashi aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia nimedanganya kazini. Akadhani nimeiba, akauliza, taratibu, kama ni kitu kinachoweza kurudishwa. Nikamweleza. Alisikiliza huku akifunga kamba za viatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

“Ile ni nyama tu, maman, si muntu,” akasema mwishoni. “Nani atalia juu ya nyama ya mayi? Nyamaza. Kazi ni kazi.”

Alitaka kunisaidia. Lakini usiku huo, na kesho yake, nilikuwa naona watu wazima na vitabu vyao wakipanda ndege kwenda kukaa kwenye mawe na baridi, kutafuta mama ambaye nimemtunga mimi. Nikamfikiria yaya na mkono wake juu ya simu. Miaka miwili nilikuwa nimemhukumu kwa kutia sauti mahali palipokuwa na kimya. Na yeye alibanwa. Mimi hakuna aliyenibana.

Ijumaa nilifika kabla ya saa kumi na mbili. Daktari alikuwepo. Nilibaki nimesimama.

“Docteur, thelathini na moja hakujibu,” nikasema. “Niliandika uongo. Zote sita ni kimya.”

Hakuelewa mara moja. Alidhani nimekosea kusikia, akaanza kusema inatokea, tutasikiliza tena pamoja. Nikamwambia hapana, nilisikia vizuri. Akafungua faili. Tukasikiliza dakika arobaini zote, yeye na kisikilizio kimoja, mimi na kingine. Alipofika ya sita alikivua na kukiweka mezani polepole.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna nyingine. Nikamwambia hakuna, lakini pia nikamwambia kwamba watoto nawajua kwa sauti, tangu zamani, na kwamba nilikuwa najua ipi ni ya nani. Hilo lilimwumiza zaidi kuliko la kwanza, nililiona usoni. Maana yake ilikuwa kwamba miezi kumi na minne yote haiwezi kuaminiwa, hata pale niliposema kweli. Alikaa ameshika paji la uso. Baadaye akasema yeye naye alikosa, hakupaswa kunisimulia habari za yule jike kabla sijamsikiliza. Ndivyo alivyo. Anagawa kosa sawasawa, kila mtu na lake.

Kisha akaniuliza kwa nini.

Sikuwa nimepanga kumwambia. Nilimwambia yote, nikiwa bado nimesimama, Jumapili tatu, bugali na sambaza, viatu vyeupe. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini, mambo ya sauti. Alisema simu haipitishi sauti yote, inakata juu na inakata chini, inabaki kipande cha katikati. Alisema watoto wa ndugu wawili waliolelewa nyumba moja huzungumza kwa namna moja. Alisema kwenye pwani nyingine, ambako hakurekodi yeye, hata simba wa baharini, mawimbi yakiwa makubwa sana na yeye akiwa mbali, yupo anayeitikia mtoto wa mwingine. Anakuja mpaka karibu, na ni pua tu inayomwambia siye.

“Wewe hukuwa na pua, Madame,” akasema. “Ulikuwa na simu tu.”

Alikuwa ananipa kile nilichokuwa nimekitafuta tangu kifo. Alinipa bila kudanganya, kwa elimu yake, asubuhi ile ile nilipomharibia kazi yake. Ningeweza kukichukua nikaondoka. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, na nusu nyingine ilikuwa bado ndani.

Yule mtoto wa yaya nilimbeba mgongoni kabla sijamzaa wangu. Tangu alipoanza kusema ana tabia moja: kabla ya kujibu huvuta pumzi, fupi, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji ya baridi. Wangu hakuwa nayo. Wangu alijibu kabla hujamaliza kuuliza, tulikuwa tunamgombeza kwa hilo.

“Jumapili ya tatu ya kuongea naye laini ilikuwa safi,” nikamwambia daktari. “Nilimwuliza kama amekula. Akavuta pumzi. Nilisikia.”

Akaniangalia.

“Nilisikia, nikamwuliza habari za shule.”

Nje ya dirisha gari la wagonjwa lilikuwa linaingia hospitali ya chuo bila kupiga king’ora. Daktari akainuka, akafunga mlango ambao siku zote huacha wazi, akaniletea kiti. Nikakaa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimlilia binti yangu bila swali lolote ndani ya kilio hicho.

Mkataba wa kusikiliza ulikatwa wiki hiyo. Ilikuwa haki. Faili zote zilisikilizwa upya na wanafunzi wawili, kazi ya majira yote ya baridi. Daktari alifuta makala aliyokwisha kuianza. Ghorofa ya tatu ilibaki yangu kwa ndoo na mopu, na kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake. Tulisalimiana. Alinijibu kwa heshima ile ile, lakini hakunichezea tena sauti yoyote, nami sikukawia pale. Miezi mingi baadaye alisimama kwenye korido, akaniambia kwamba faili zangu nyingine zote zimekutwa sawa, na kwamba haziwezi kutumika hata hivyo. Nilimshukuru. Yule maman wa Lubumbashi alisema mimi ni mtu mgumu, kwamba ningezaliwa mwanaume ningekuwa jiwe la kanisa. Kisha siku hiyo akanisafishia vyoo vyote bila kuombwa.

Jumapili iliyofuata baada ya kumwambia daktari, nilimpigia yaya. Nilimwacha amalize salamu. Nikamwambia kwamba nilijua. Si mwanzoni, mwishoni. Kwamba Jumapili ile ya mwisho hawakunidanganya wao peke yao, tulidanganya pamoja, na kwamba miaka miwili nimemwachia mzigo huo peke yake.

“Mutoto wangu haendi pa simu ya muntu yeyote,” akasema. “Tangu ile siku. Hata baba yake akipiga, anatoka inje. Anasema ni yeye alishika nafasi ya ule mwengine. Wakati tulienda kuweka musalaba pa kaburi, alisema hakuna muntu ndani, sababu ule mwengine angali anaongea pa simu.”

Hilo sikulijua. Katika hesabu yangu yote ya nani alikosa nini, yule mtoto wa miaka kumi aliyesukumiwa simu mkononi sikumhesabu hata mara moja.

Nikamwomba yaya amwite. Alisema hatakuja. Nikamwomba amwekee simu tu karibu, mezani, asimlazimishe. Nilisikia kiti kikivutwa, nikasikia majogoo ya watu, nikasikia yaya akisema neno ambalo sikulishika, na hatua zake zikienda mbali.

“Mama mudogo yako anaongea,” nikasema. “Sitakuuliza kitu. Najua ni weye. Siku ile pia nilijua ni weye, na haukufanya mubaya.”

Kimya. Niliangalia saa ya ukutani bila kutaka, ni mazoea ya ile kazi. Dakika moja ikapita. Kwenye jedwali la daktari hapo ningekuwa nimeshaandika sifuri na kwenda mstari unaofuata. Sikuondoka. Nilibaki na simu sikioni, jikoni kwangu Berchem, na sahani ambazo hazijaoshwa, nikangoja dakika nyingine na nyingine.

Halafu, karibu kabisa na simu, nikasikia pumzi ikivutwa.